Maua ya zambarau niliyoishi nayo

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kujenga Goba, Dar es Salaam. Kumaliza, kwa maana ya siku hizi: madirisha yana vioo, choo kinafanya kazi, na rangi ya nje pamoja na vigae vya baraza vitafuata mshahara. Bustani ndiyo iliyokataa kusubiri mshahara. Juzi alinitumia picha kwenye simu, picha juu ya picha, zote za maua ya zambarau: yanayotambaa ukutani, yanayoning'inia vyunguni, miti mizima iliyofunikwa. Chini yake akaandika: "Shikamoo shangazi. Nataka uani kwangu pawe zambarau tupu. Nichagulie, wewe ndiye mjuzi wa maua."

Mjuzi ni neno kubwa. Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu, na kilimo nilichosoma ni kile cha bustani ya shule, matuta ya mchicha na kumwagilia kwa zamu. Ila nimehama mno. Serikali ilinipeleka ilikotaka, ndoa nayo ikanipeleka ilikotaka, na kwa bahati tu karibu kila nilipokaa palikuwa na ua la zambarau ambalo watu wa pale walikuwa na neno nalo: la kulisifu, la kulilaani, wakati mwingine la kujitibia. Nilipokaa kumjibu mpwa wangu nikaona orodha haiandikiki. Kila jina nililotaka kuandika lilikuja na mtu wake na mtaa wake, nikaona bora niyaeleze kwa urefu.

Nilikulia Arusha, karibu na barabara iliyopandwa jakaranda pande zote mbili. Kiangazi kinapoelekea ukingoni, Septemba kwenda Oktoba, miti ile hupukutisha majani, ikabaki matawi, kisha ikachanua yote kwa pamoja kabla vuli haijaanza. Juu zambarau, chini zambarau. Sisi watoto tulichomeka maua kwenye ncha za vidole yakawa makucha ya chui, tukakimbizana nayo. Na kwa kuwa wengi wetu tulikwenda pekupeku, tulijua mapema kwamba nyuki hufuata utamu hadi ndani ya ua lililokwisha kuanguka, na nyuki aliyekanyagwa hasikilizi udhuru.

Jakaranda kwao ni Amerika Kusini, Argentina na Bolivia. Ililetwa huku enzi za ukoloni kupamba miji, na imekaa mpaka watu wamesahau ugeni wake. Mtu wa Nairobi, wa Harare na wa Pretoria, kila mmoja atakwambia huo ni mti wa mji wake. Kenya, wachongaji wa Ukambani waliugeukia kwa vinyago mpingo ulipoanza kuadimika, kwa sababu mti wake ni laini na haukawii kukua. Afrika Kusini kwa upande mwingine wameuweka kwenye orodha ya mimea vamizi, ingawa Pretoria wanaendelea kujivunia ile waliyonayo.

Kilichonifundisha kuhusu mti huu hakikuwa barabara bali uani kwa jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa na jakaranda hatua chache kutoka ukuta wa jiko. Kila Oktoba wapita njia walisimama kuutazama. Mkewe hakusimama, alifagia. Asubuhi alifagia, jioni alifagia, na mvua ikinyesha kabla hajafika na ufagio, maua yalioza yakawa utelezi mlangoni. Mizizi ikainua saruji ya karo, ikapasua. Fundi akaja, akaziba, ikapasuka tena. Siku mzee alipoleta watu wa msumeno, mtaa mzima ulinung'unika: mti mzuri vile, umemkosea nini? Yule mama alikaa barazani akachambua mchele wake mpaka mti ukalala chini. Wanaoisifu jakaranda, wengi wao wanaishi ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo la kwanza nililomwandikia mpwa wangu ni hilo. Kiwanja chake ni cha ishirini kwa ishirini, nyumba imekula zaidi ya nusu, na shimo la maji machafu liko palepale anapotaka kivuli. Jakaranda hufika mita kumi na tano bila taabu. Tena ni mti wa nyanda za juu, unaopenda kiangazi cha ukweli na baridi kidogo. Huku pwani huota na kunenepa, lakini hautoi maua kwa fujo ile ya Arusha. Angefagia majani, zambarau asiione.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nikahamishiwa Mwanza, shule iliyo mwendo mfupi kutoka ziwani, na hapo ndipo nilipokutana na gugumaji likiwa bado ni habari mpya. Kwao ni bonde la Amazon. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na mojawapo ya njia zake ni Mto Kagera, unaolishusha kutoka Rwanda. Asubuhi ungeliona liko mbali, mstari wa kijani juu ya maji. Mchana upepo ukigeuka, ghuba yote imefungwa: mitumbwi imekwama ndani yake, nyavu zimenasa, wanawake waliofuata maji wanasukuma majani kwa ndoo wapate pa kuchota. Wazazi walikataza watoto kuoga, kwa kuwa chini ya zulia lile nyoka hawaonekani.

Na lilikuwa zuri. Nimesikia watu wakilieleza kana kwamba ni takataka tangu kuzaliwa, na hiyo si kweli. Kishada cha maua ya zambarau hafifu husimama juu ya majani yanayong'aa, na petali ya juu ina doa la manjano lililozungushiwa buluu. Bua limevimba, ndani yake hewa tupu, ndiyo maana linaelea. Waliolitoa Amazon na kulitawanya duniani walilipendea ua hilo. Hakuna aliyelipanda kwa chuki.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa Dodoma, alilitoa majini karibu na likizo akaliweka kwenye kopo la rangi lenye maji, analipeleka kwao. Siku hiyo palikuwa na mzazi ofisini, mvuvi, aliyeitwa kwa utoro wa mwanawe. Mazungumzo ya utoro yaliishia hapo hapo.

"Mwalimu, hilo unalipeleka wapi?"

"Nyumbani, nikalipambe."

"Kwenu kuna maji?"

"Kuna lambo la ng'ombe."

Mvuvi akanyanyuka, akalichukua kopo, akatoka nalo nje. Mmea akaubwaga juani kwenye changarawe, maji akayamwaga, kopo akalirudisha mezani kwa adabu kabisa. "Samahani, mwalimu. Sisi limeshatuua. Msife na ninyi."

Hakuna somo la sayansi nililowahi kufundisha lililoeleweka darasani kwa haraka namna ile, maana watoto walikuwa wakichungulia dirishani. Baadaye nilisoma mambo ambayo yule mvuvi aliyajua kwa jicho. Likipata joto na maji yenye rutuba, gugumaji linaweza kuongezeka mara mbili eneo lake kwa muda wa wiki mbili hivi. Huzaa kwa vikonyo, na pia kwa mbegu zinazolala kwenye tope miaka mingi kabla ya kuota. Katikati ya miaka ya 1990 nchi za ziwa hili zilianza kuachia fukusi wadogo waliotoka hukohuko Amerika Kusini, ambao chakula chao ni gugumaji. Wakala majani, funza wao wakatoboa mabua, mimea ikaanza kuzama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 nazo zilisaidia kulivunjavunja. Lilipungua sana, halikwisha, na ghuba ya Kisumu hadi leo kuna miezi linarudi na kufunga bandari. Uzuri wa mkakasi.

Sasa, katika picha za mpwa wangu moja ilikuwa ya bakuli kubwa la kioo, maji masafi, kokoto nyeupe chini, na juu yake linaelea ua la zambarau lenye doa la manjano. Alikuwa ameandika pembeni, "Hili la barazani, shangazi, halihitaji hata udongo." Nilimpigia simu, nisingeweza kusubiri kuandika. Goba ni vilima na makorongo, na kila korongo lina maji yanayokwenda mahali. Bakuli likimchosha, au msichana wa kazi akilimwaga mferejini, mvua moja ya masika inatosha.

Tangu Mwanza nikiona ua jipya huwa na swali moja kabla ya rangi na kabla ya bei: mwenye nyumba akisafiri mwaka mzima, huyu atafanya nini? Atakufa, atasubiri, au atatoka kwenda kwa jirani? Nimeona ni swali linalofaa kuliko yote, na wauza miche hawalipendi.

Bugenvilia ndiyo yenye jibu zuri. Nilipohamia Dar es Salaam kumfuata mume, tulipanga nyumba iliyokuwa na bugenvilia kubwa ya zambarau iliyokaa juu ya lango lote, na mzee mmoja wa Kimakonde aliyekuja kuihudumia kwa niaba ya mwenye nyumba. Mimi na tabia yangu ya bustani ya shule nilikuwa nikishika ndoo kila jioni. Akanizuia kwa upole: "Mama Mwalimu, huyu ukimpenda sana anakunyima." Ikawa yeye anasema na mimi naangalia. Maji mengi humpa majani mabichi na matawi marefu ya miiba, maua hakuna. Ukimwacha aone kiu mpaka majani yaanze kulegea, ndipo anapochanua. Baada ya kila mchanuo mzee alipogoa bila huruma, kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi mapya. Samadi alimpa mara moja moja, kidogo. Udongo wetu wa mchanga, ambao mboga ziliulalamikia, yeye aliuona sawasawa, na upepo wa chumvi haukumsumbua.

Ni yule mzee aliyenichumia kishada kimoja akakitawanya kiganjani kunionyesha kwamba ile zambarau yote ni majani. Majani matatu laini yaliyobadilika rangi, na katikati yake vijiua vyembamba vyeupe ambavyo mpita njia havioni. Kwa hiyo zambarau inadumu majuma mengi wakati maua mengine yameshanyauka. Tena nyingi ya zile za bustani hazizai mbegu, hivyo hazitoki kwenda kokote. Utakuta ipo ulipoipanda. Ukitaka nyingine, kata tawi lililokomaa lenye unene wa penseli wakati wa masika, lipunguze majani, lichomeke kwenye kifuko chenye mchanga na mboji kivulini, na uvumilie, maana hutoa mizizi kwa kujivuta. Vaa glavu. Miiba yake ina kisasi.

Hadithi ya jina lake ilinifikia baadaye sana, katika kitabu nilichoazima, nikajuta kwamba yule mzee alikuwa ameshafariki, angecheka. Louis Antoine de Bougainville alikuwa nahodha Mfaransa aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Ndani ya msafara alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, ambaye ndiye aliyelikusanya ua hili Brazil mwaka 1767 na kulipa jina la mkubwa wake. Msaidizi wa Commerson, aliyebeba mizigo na kupanda milima kutafuta mimea, alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa sababu jeshi la maji la Ufaransa halikuruhusu wanawake melini. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kujulikana kuizunguka dunia. Commerson alikuwa na afya mbaya, na wapo wanaodhani aliyelichuma hasa ni Baret. Ua likapewa jina la nahodha.

Duranta naitaja kwa kupita. Ni ua la uzio, zambarau yake ni nyepesi, hukatwa likanyooka, vipepeo hulipenda. Lakini matunda yake madogo ya manjano ni sumu, na mpwa wangu ana mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Nimelikataa mpaka mtoto afike shule.

Kuna ua jingine ambalo hakuna anayelinunua. Petali tano bapa, zambarau inayokaribia waridi, katikati jicho jeusi kidogo au jeupe. Huota makaburini, kando ya reli, kwenye nyufa za vibaraza. Wataalamu wa bustani huliita vinka. Asili yake ni Madagaska, na pwani yetu limezoea mpaka hakuna anayelimwagilia. Nililipita kwa miaka bila kuligeukia, hadi mtoto wa wifi yangu alipolazwa kwa saratani ya damu.

Tulikaa naye kwa zamu. Wodi ya watoto wenye ugonjwa ule ina namna yake ya muda; mtu anahesabu chupa za dripu, hahesabu siku. Mfamasia mmoja kijana, aliyekuwa na hulka ya kueleza kila alichoshika, alimwambia wifi yangu kwamba dawa ile angavu kwenye bomba la sindano, vinkristini, hutolewa kwenye ua. Wifi akauliza ua gani. Kijana akamwonyesha dirishani: nje, kwenye ukingo wa saruji mahali pikipiki zinapoegeshwa, lilikuwa limeota lile lile la makaburini. Sote wawili tuliinuka kuchungulia, na mama wa kitanda cha pili naye akaja.

Dawa hizo, vinkristini na vinblastini, zilianza kugunduliwa miaka ya 1950 na watafiti waliokuwa wakichunguza mmea huo kwa ajili ya kisukari, kwa sababu sehemu nyingi za dunia wenyeji walikuwa wakiuchemsha kwa maradhi hayo. Sukari haikushuka kama walivyotarajia, ila chembe nyeupe za damu zilipungua, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Zimo kidogo mno: mamia ya kilo za majani makavu hutoa dawa ya kupimwa kwa gramu. Mtoto yule leo ni fundi wa simu Mbagala, mnene, hapokei simu zangu.

Habari hiyo ina upande wa pili ambao lazima niuseme. Siku chache baada ya wifi kusimulia mtaani, jirani alionekana anachuma majani ya vinka kando ya makaburi, anataka kuchemshia mgonjwa wake. Tulimwahi. Kinachoua chembe za saratani hospitalini hupimwa kwa ukubwa wa mwili na damu ikaangaliwa. Katika sufuria hakuna kipimo, na mmea huo mbichi ni sumu kwa mtu na kwa mbuzi. Mpwa wangu nimemruhusu aupande, unastahimili jua na ukame, unachanua mwaka mzima na hauombi kitu. Nimemwambia auweke mbele, mbali na mchaichai, asije mtu akachanganya anapotafuta cha kutia kwenye chai.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Amani, Usambara ya Mashariki. Mimi na walimu wenzangu watatu tuliwahi kuahidiana tangu chuoni kwamba tutaona milima hiyo. Barabara kutoka Muheza inapanda kwa kona, minazi na michungwa inabaki chini, hewa inabadilika, kisha chai, kisha msitu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902 na kupanda miti kutoka kila pembe ya dunia kuijaribu. Mingine ilikaa kwa adabu. Mingine imeingia msituni na inawasumbua wahifadhi mpaka leo, jambo ambalo mtu aliyewahi kuishi Mwanza haambiwi mara mbili.

Kijana aliyetuongoza alitutelemsha kijito kimoja, akatuonyesha jiwe. Jiwe kubwa, upande mmoja una ukungu wa maji, limevaa kuvu ya kijani, juu yake miti imefunga anga. Kwenye nyufa zake yalikuwamo mashada ya majani ya mviringo, mazito, yenye manyoya ya kushikika, na katikati ya kila shada maua machache ya zambarau yenye nukta mbili za manjano. Yote hayafiki kimo cha kiganja. Mwenzangu mmoja, ambaye bintiye anaishi Ujerumani, akasema kwa sauti, "Haya nimeyaona dirishani kwa mwanangu!"

Na ni hayo. Mwaka 1892 hivi, mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyakuta mwituni akayatuma kwa baba yake Ujerumani. Baba akayapeleka Herrenhausen, Hannover, kwa mtaalamu Hermann Wendland, aliyeyaeleza kisayansi mwaka 1893 na kuyapa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Tangu mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa vinasaba, wanasayansi wameyahamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini Wajerumani madukani bado huyaita kwa jina la Usambara. Mwaka 1927 wakulima wa maua Los Angeles walitoa aina zao za kwanza kutokana na mbegu zilizotoka Ulaya, na tangu hapo yamezalishwa kwa maelfu ya aina, meupe, mekundu, yenye kingo za mawimbi. Ni miongoni mwa maua ya ndani yanayouzwa zaidi Ulaya na Marekani. Yale ya mwituni hayapo pengine popote isipokuwa Tanzania, katika Usambara, Nguru, Uluguru na vilima vya jirani, na sehemu chache za Kenya, Taita na misitu ya Kilifi.

Nilimuuliza yule kijana kama watu wa kijijini huyapanda. Alinitazama kama anayepima kama namtania. Hapana, mama, hayo ni ya mwambani. Wageni huja kuyapiga picha. Kijiji kina watu wanaofuga vipepeo na kuuza pupa wao, wapo wanaolima iliki chini ya miti, ila ua hili hakuna anayeuza. Kisha akanionyesha ng'ambo ya kijito, mahali ambapo miti mikubwa ilikuwa imekatwa miaka michache nyuma. Jiwe lilikuwa lipo, kubwa kuliko letu. Lilikuwa jeupe, kavu, na halina hata shada moja. Hakuna aliyeyang'oa, alisema. Jua lilifika tu.

Ikanibidi nikae kidogo kwenye mzizi. Miaka yote hiyo nilikuwa nauliza ua litafanya nini likiachwa lenyewe, nikidhani hatari yote ni ya kutoka nje ya uzio. Hili likiachwa lenyewe linaishi vizuri kabisa, karne kwa karne, ilimradi mti wa juu yake uachwe pia. Haliwezi kulindwa kwa kuzungushiwa senyenge jiwe lake. Ukitaka ua, unalinda kivuli. Ukitaka kivuli, unazungumza na mtu anayelima iliki kuhusu watoto wake watakula nini. Hapo bustani imekwisha, mambo mengine yameanza.

Kwa nyumba ya Goba, hata hivyo, linafaa, na ndilo nililomwekea nyota mpwa wangu. Haliendi nje, ni la dirishani, dirisha linalopata mwanga mwingi bila jua la kulichoma, la jikoni upande wa asubuhi linatosha. Chungu kidogo, udongo mwepesi wenye mboji na mchanga. Maji yasimwagwe juu ya majani, yana manyoya, hubaki madoa. Weka sahani chini, tia maji ya uvuguvugu, linywe lenyewe, kisha mwaga yaliyobaki. Wengi huliua kwa maji kuliko kwa kiu. Na halihitaji mbegu: kata jani moja na kikonyo chake, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, baada ya majuma kadhaa vitoto huchomoza chini yake. Jani hilo litoke kwenye chungu cha mtu. Msituni pasiguswe kitu, na Amani ni hifadhi kwa sheria.

Tatizo lilikuwa kulipata. Jumamosi tulizunguka na mpwa wangu kwa wauza miche wa barabarani, kutoka kitalu kimoja hadi kingine, bugenvilia za kila rangi, jakaranda kwenye vifuko, na katika kitalu cha mwisho, nyuma, kwenye meza chini ya neti nyeusi, vilikuwapo vichungu vichache vya plastiki. Yenyewe. Nikauliza bei. Ilikuwa bei ya kununulia miche ya bugenvilia ya kuzungushia ukuta mzima.

"Mbona hivyo, mwanangu?"

"Mama, hili ni ua la Ulaya. Linakuja kwa ndege."

Nikamweleza. Tanga, Muheza, Amani, jiwe, Mjerumani, vyote. Alisikiliza kwa heshima, na wateja wengine wawili wakasogea kusikiliza. Nilipomaliza akaniinamia, akashusha sauti wasimsikie.

"Sawa, mama, nimekuelewa. Ila nakuomba usiniharibie soko. Nikiwaambia limetoka Muheza, nani atanilipa?"

Mpwa wangu akamwambia kwamba kwa kuwa limetoka Muheza, tutamlipa nauli ya Muheza. Tukabishana hapo karibu nusu saa, na hakushuka sana.